Ubaguzi wa kijinsia katika kazi za sayansi: namna ya kuupima ushahidi, kwa wakufunzi wasaidizi wapya

Wiki ya kwanza kazini, kabla hujajua hata ufunguo wa maabara unakaa kwa nani, utakuwa umeshasikia kauli mbili. Moja itatoka kwa dada aliyekutangulia: sayansi ya vyuoni inawabana wanawake, kila mahali na kila hatua, basi jitayarishe. Ya pili itatoka kwa kaka wa meza ya jirani: hayo yalikuwa zamani, siku hizi kila tangazo la kazi linamalizia kwa kuwahimiza wanawake waombe, wanaoonewa sasa ni wanaume. Wote wawili watasema kwa yakini, na kila mmoja atakuwa na utafiti wake wa kuutaja. Tena watakuwa wanataja tafiti za kweli, zilizochapishwa katika jarida lilelile moja, la Akademia ya Taifa ya Sayansi ya Marekani, kwa kupishana miaka mitatu tu.

Nawaandikia nyinyi mnaoanza, wa kike na wa kiume, iwe mmepangiwa Tunguu, Buyu au kule Wawi, Chake Chake. Nimekaa katika kazi hii muda wa kutosha kuona wasichana hodari wakiiacha njiani na vijana hodari wakinung'unika kwamba wamerukwa, na nimekaa katika kamati ambazo maneno haya yalizungumzwa kwa sauti kubwa bila ya karatasi hata moja mezani. Tunawafundisha wanafunzi wetu wasikubali habari yoyote ya matumbawe au ya samaki mpaka waulize sampuli ilichukuliwa wapi, ngapi, na kwa njia gani. Likija jambo linalohusu riziki zetu wenyewe, tunakubali kwa kusikia. Jambo hili ni zito mno kwetu kuliacha hivyo.

Tuanze na tafiti hizo mbili. Mwaka 2012 Corinne Moss-Racusin na wenzake wa Chuo Kikuu cha Yale waliwapelekea walimu 127 wa biolojia, kemia na fizikia maombi ya mwanafunzi anayetaka kazi ya kusimamia maabara. Maombi yalikuwa yaleyale, neno kwa neno. Kilichobadilika ni jina tu. Baadhi ya walimu walipewa ya John, wengine ya Jennifer. John alionekana ana uwezo zaidi na anafaa zaidi kuajiriwa, na mshahara aliopendekezewa ulikuwa wastani wa dola 30,238 kwa mwaka. Jennifer, dola 26,508. Walimu wa kike walimpendelea John sawasawa na wenzao wa kiume. Hilo la mwisho nawaomba vijana wa kiume mlishike: ushahidi huu haukusema kwamba wanaume ni watu wabaya. Ulisema kwamba sote tumekulia katika mazoea mamoja.

Mwaka 2015 Wendy Williams na Stephen Ceci wa Chuo Kikuu cha Cornell walifanya mfululizo wa majaribio kwa walimu 873 kutoka vyuo 371 vya Marekani. Safari hii kazi ilikuwa ya ngazi ya kwanza ya uprofesa, katika biolojia, uhandisi, uchumi na saikolojia, na waombaji walikuwa mwanamke na mwanamume wenye sifa za juu zinazolingana. Mwanamke alichaguliwa mara mbili zaidi ya mwanamume. Waliotoka nje ya mkondo huo ni wachumi wa kiume, ambao hawakuelemea upande wowote.

Sasa utashika lipi? Wengi hushika lile linalofanana na yaliyowafika. Mimi nakushauri uziweke mbili hizo sambamba usome walichopewa walimu kukisoma. John na Jennifer walikuwa wanafunzi wanaoanza, na sifa zao ziliandikwa makusudi ziwe za kati, zenye jema na lenye kutia shaka. Waombaji wa Williams na Ceci walikuwa watu waliokwisha kumaliza uzamivu, sifa zao zinang'aa, hakuna pa kutilia shaka. Kwa hiyo hakuna aliyemkanusha mwenzake. Watafiti wa Yale walituonyesha kwamba faili lenye mashaka, la mtu wa chini, linaacha pengo, na jina la mwombaji linaingia kuliziba. Cornell walituonyesha kwamba faili lisilo na mashaka, la mtu aliyekwisha kupanda, halikumponza mwanamke, angalau kwenye karatasi. Nasema kwenye karatasi kwa sababu katika tafiti zote mbili hapakuwa na mtu aliyeajiriwa kweli, wala kamati iliyokaa ikabishana hadi adhuhuri, wala mshahara uliotoka mfukoni mwa yeyote.

Ndiyo maana ukiulizwa "je, kuna ubaguzi katika sayansi?" usilijibu swali hilo kama lilivyo. Uliza kwanza ni katika hatua gani, kwa watu wa ngazi gani, katika nchi gani na mwaka gani. Watu watakuona unakwepa. Vumilia.

Mwaka 2023 Ceci na Williams walitoa mapitio marefu pamoja na Shulamit Kahn, mchumi wa Chuo Kikuu cha Boston, ambaye mtazamo wake katika mjadala huu haukuwa kama wao. Walikubaliana kufanya kazi pamoja hali ya kuwa wanapingana, wabishane juu ya ushahidi mpaka wafike mahali ambapo wote wanaweza kutia saini. Utaratibu huu naupenda sana, na laiti ungeigwa katika mambo mengine mengi. Walizigawa kazi za vyuo katika maeneo sita, wakakusanya ushahidi wa kuanzia 2000 hadi 2020, sehemu kubwa ukiwa wa Marekani. Katika ruzuku za utafiti, katika kukubaliwa makala na majarida, na katika barua za wadhamini, kwa jumla hawakuona tofauti ya maana baina ya wanawake na wanaume. Katika ajira za kudumu, wanawake wanaoomba walikuwa na nafasi nzuri kidogo kuliko wanaume. Katika mishahara, wanawake walikuwa nyuma, ingawa pengo hupungua sana ukiwalinganisha watu wa fani moja, uzoefu mmoja na vyuo vya aina moja. Na katika tathmini zinazojazwa na wanafunzi, wanawake walionewa.

Nimeshawaona dada zangu wakikataa kuyasoma mapitio haya kwa sababu ya majina ya waandishi. Mtazame linalosemwa kabla ya kumtazama msemaji. Nimewaona na wanaume wakiyasambaza kwa furaha wakiwa wamekata sehemu ya mishahara na ya tathmini. Wote wamelikosea lile lililo muhimu zaidi: kila eneo linawahesabu waliofika katika eneo hilo. Msichana aliyekata tamaa kabla ya kuomba hayumo katika hesabu ya waombaji. Ukisema "wanaoomba hutendewa sawa" hujasema lolote juu ya yule ambaye hakuomba.

Hapa nataka tukae kidogo, kwa sababu ndipo wengi wanapoteleza. Mwaka 1973 Chuo Kikuu cha California, Berkeley, kilipokea kwa masomo ya juu maombi ya wanaume 8,442 na ya wanawake 4,321. Wanaume waliokubaliwa walikuwa asilimia 44. Wanawake, asilimia 35. Kwa wingi huo wa watu, tofauti ya pointi tisa haiwezi kuwa bahati nasibu. Mtu yeyote angesema kesi imekwisha.

Peter Bickel, Eugene Hammel na William O'Connell waliifungua hesabu idara kwa idara, na mwaka 1975 wakachapisha walichokiona. Katika idara moja kubwa, wanaume walioomba walikuwa 825 wakakubaliwa asilimia 62. Wanawake 108, wakakubaliwa asilimia 82. Katika idara nyingine, wanaume 373 walikubaliwa asilimia 6, wanawake 341 asilimia 7. Chukua karatasi uzitazame nambari hizo taratibu. Katika kila moja ya idara hizo mbili mwanamke hakuwa nyuma, bali mbele. Lakini wanaume walikuwa wameomba kwa wingi pale penye nafasi tele, na wanawake wengi waliomba pale ambapo karibu kila mtu hukataliwa. Ukijumlisha, jumla inasema jambo ambalo idara zenyewe hazikulisema.

Watu husimulia kisa hiki kikomee hapo, kwa ushindi: "Mnaona? Hapakuwa na ubaguzi." Waandishi wenyewe hawakukomea hapo. Walisema kwamba wanawake walikuwa wameelekezwa tangu mapema, kwa malezi na kwa masomo, kwenye fani zilizojaa watu, zenye fedha kidogo na zenye wachache wanaomaliza. Kamati ya udahili haikuwa na hatia, lakini kilichotokea kabla ya kamati bado kinahitaji maelezo. Ukipewa takwimu za udahili au za ajira za chuo chochote cha kwetu, omba za kila idara. Ukishazipata, uliza nani alimwambia msichana wa skuli ya Wete au ya Makunduchi kwamba fizikia si yake, na alimwambia akiwa kidato cha ngapi.

Ushahidi pia una tarehe, na tarehe inachakaa. Mwaka 1997 Christine Wennerås na Agnes Wold walichapisha katika jarida la Nature uchambuzi wa maombi ya nafasi za utafiti katika Baraza la Utafiti wa Tiba la Sweden. Baraza halikutaka kuzitoa alama za wahakiki. Iliwabidi wanawake hawa wazidai kwa sheria ya nchi yao inayofungua nyaraka za serikali. Waliona kwamba mwanamke alihitaji kuwa na kazi za kisayansi zenye uzito mara 2.5 ya mwanamume ili apewe alama sawa za umahiri. Ni matokeo mazito, na kupatikana kwake kulihitaji ushujaa. Lakini mwaka 2008 Ulf Sandström na Martin Hällsten walirudia uchambuzi kwa maombi ya baadaye katika nchi hiyohiyo wakaona wanawake sasa wanapata alama za juu kidogo. Anayetaja 1997 peke yake anakupa habari ya Sweden ambayo Sweden yenyewe imeshaipita.

Kuna jambo katika tafiti hizo mbili ambalo halitajwi sana, na kwetu sisi watu wa visiwani ndilo la kutufikirisha. Zote mbili ziliona kwamba mwombaji anayejuana na mjumbe wa kamati alipewa alama za ziada. Jinsia ilibadilika, kujuana hakukubadilika. Sasa tazama kwetu. Katika kamati ya watu watano, wawili watakuwa walisoma skuli moja na baba yako, na mmoja ni mjomba wa jirani yako. Habari za nafasi za masomo, za mradi unaokuja, za profesa wa nje anayetafuta mtu, hupita barazani baada ya sala ya isha, penye kahawa, mahali ambapo mwanamke hakai. Sina takwimu za kukuwekea hapa, nina macho tu, lakini ningekuwa naanza utafiti wa upendeleo katika vyuo vyetu ningeanza na swali la nani alisikia tangazo lini, kabla ya swali la nani alipata kazi.

Kanada wametupa ushahidi wa aina ninayoipenda zaidi, kwa sababu uliwahusu watu halisi na fedha halisi. Taasisi za Utafiti wa Afya za nchi hiyo ziligawa ruzuku zao mafungu mawili. Katika fungu moja wahakiki waliambiwa waupime zaidi mradi wenyewe. Katika jingine waliambiwa wampime zaidi mtafiti: ni mtu wa kiwango gani, ana uongozi gani. Holly Witteman na wenzake walichambua maombi zaidi ya 23,000, wakachapisha 2019 katika The Lancet. Wahakiki walipoupima mradi, pengo baina ya wanawake na wanaume lilikuwa pointi 0.9 za asilimia. Walipompima mtu, likawa pointi 4. Taasisi ileile, nchi ileile. Kilichotofautiana ni swali waliloulizwa wahakiki. Na hii haigongani na mapitio ya 2023 yaliyosema ruzuku kwa jumla ziko sawa, kwa sababu wastani wa jumla unaweza kuficha fungu moja lenye kasoro. Mkiitwa siku moja kuandika fomu ya kupimia maombi, mtaikumbuka pointi hiyo 0.9 na hizo 4.

Niseme sasa juu ya tathmini za wanafunzi, kwa sababu zitakugusa kabla ya hayo mengine yote. Mwisho wa muhula wanafunzi watajaza fomu, fomu itaingia katika faili lako, na faili litasomwa siku ya kupandishwa cheo. Niliwahi kukaa na fomu za somo moja lililofundishwa na watu wawili, mwanamke na mwanamume, katika taasisi ambayo sina haja ya kuitaja. Mtihani ulikuwa mmoja na mwongozo wa kusahihisha mmoja. Juu ya mwanamume waliandika: "Haogopi kutufelisha, anatujenga." Juu ya mwanamke, kwa alama zilezile za mwongozo uleule: "Ana roho mbaya." Mwengine akaongeza: "Hacheki." Mwanamume naye hacheki, namjua. Hakuna aliyemwandikia.

Hicho ni kisa. Somo moja, muhula mmoja, watu wawili ambao wanatofautiana kwa mambo mengi zaidi ya jinsia. Kisa kinakupa swali zuri, hakikupi jibu. Jibu lilitafutwa na Lillian MacNell na wenzake huko North Carolina, katika somo la mtandaoni ambapo wanafunzi hawamwoni mwalimu. Wasaidizi wawili, mwanamke na mwanamume, kila mmoja alifundisha kundi moja kwa jina lake na kundi jingine kwa jina la mwenzake. Kazi zilirudishwa kwa wakati mmoja kwa wote. Hata hivyo "mwanamume" alipewa alama za juu zaidi kwa kuwahi kurudisha kazi. Jaribio zuri kama hili ni adimu. Lakini lilikuwa na wanafunzi 43 tu, na hapa ndipo ninapowataka muwe wagumu hata kwa ushahidi unaotupendeza. Mkulima wa Pemba anayepeleka karafuu kituoni anajua kwamba karafuu isiyokauka sawasawa inabeba uzito wa maji, na mnunuzi naye anajua, ndiyo maana anaishika kwanza mkononi. Utafiti mdogo wenye tofauti kubwa ushike hivyohivyo. Kilichonifanya mimi nilikubali jambo hili si wale 43; ni kwamba wengine walilitafuta kwa njia nyingine wakalikuta. Ufaransa, Anne Boring alichambua maelfu ya tathmini za chuo kikuu ambako wanafunzi hawachagui mwalimu wa kundi lao, akaona wanafunzi wa kiume wakiwapa walimu wa kiume alama zaidi, hali ya kuwa matokeo ya mtihani hayakuonyesha kwamba wamejifunza zaidi kwao.

Barua za wadhamini nitazipita haraka. Tafiti za mwanzo zilizozua gumzo zilihusu fani moja au chuo kimoja, na zilipokusanywa nyingi picha ikawa nyepesi kuliko tulivyodhani. Andika barua yako kwa kutaja kazi alizozifanya mtu, usiijaze tabia zake, utakuwa umetimiza wajibu.

Lililo zito kuliko yote, kwa maoni yangu, haliko kwenye kamati yoyote. Mwaka 2020 Junming Huang na wenzake walifuatilia kazi za watafiti zaidi ya milioni moja katika nchi 83. Ukihesabu makala kwa kila mwaka wa kazi, mwanamke na mwanamume wanakaribiana sana. Tofauti kubwa ya jumla ya makala inatokana hasa na kwamba wanawake huacha mapema zaidi. Na Erin Cech na Mary Blair-Loy, wakifuatilia wataalamu wa sayansi na uhandisi wa Marekani, waliona mwaka 2019 kwamba asilimia 43 ya akina mama waliacha kazi ya muda wote ya fani hizo katika miaka michache baada ya mtoto wa kwanza. Akina baba, asilimia 23. Msiipite hiyo 23 mkadhani ni ndogo. Karibu baba mmoja katika kila wanne naye aliacha.

Wanaachaje? Mara nyingi bila ya kufukuzwa na mtu. Sisi tunaofanya kazi za pwani tunafuata maji. Siku za bamvua, yaani za maji makubwa ya mwezi mchanga na mwezi mpevu, maji hutoka yakakauka kabisa kwenye saa nne asubuhi, kwa hiyo gari la kwenda Chwaka au Paje linaondoka mapema, na ukikosa bamvua hilo unangoja jingine. Tulikuwa na mwenzetu aliyetoka arobaini. Ratiba ilipoandikwa, jina lake halikuwekwa. Hakuna aliyemchukia. Walimwonea huruma, wakasema apumzike na mtoto, na hakuna aliyemuuliza. Kazi ya uwandani ikamalizika, makala ikaandikwa, na kwa kuwa majina ya waandishi yalitokana na walioshiriki uwandani, jina lake halikuwemo, ingawa wazo la kulinganisha maeneo hayo mawili lilikuwa lake. Ukihesabu kutoka nje utaona tu: mwanamume makala moja, mwanamke hakuna. Matthew Ross na wenzake walionyesha mwaka 2022, kwa kumbukumbu za timu za utafiti za Marekani, kwamba wanawake wana uwezekano mdogo zaidi wa kutajwa kama waandishi kuliko wanaume waliofanya nao kazi. Nilipousoma utafiti huo nilimkumbuka mwenzetu yule, na nilihuzunika, kwa sababu kwake ingetosha kuulizwa tu.

Mwani nao unatufundisha jambo hilihili, na ni sayansi ya nyumbani. Kilimo cha mwani cha biashara kilianza pwani ya mashariki ya Unguja mwaka 1989, na wakulima wengi ni wanawake. Mwani wa kotoni, wenye bei nzuri, ulianza kufa katika maji mafupi kadiri bahari ilivyozidi joto. Wataalamu wakashauri upelekwe kwenye maji marefu, ushauri sahihi kabisa kwa upande wa mmea. Lakini maji marefu yanataka chombo na yanataka kuogelea, na kina mama wengi wa Paje na Jambiani hawakufundishwa kuogelea. Hakuna aliyeandika kwamba wanawake wasije. Ukimtafuta mbaguzi hutompata, na tofauti iko palepale. Ukisoma utafiti unaosema "hatukuona upendeleo wa waamuzi," jiulize kama bado kuna maji marefu ambayo hakuna mtu aliyeyapima.

Mtasikia pia: "Mbona Dk. Flower Msuya amefika?" Kweli, amefika, na kazi yake ya utafiti wa mwani inajulikana nje na ndani. "Mbona Rais wa nchi ni mwanamke wa Kizanzibari?" Naye ni fahari yetu. Lakini mtu mmoja aliyefika anathibitisha kwamba kufika kunawezekana. Haonyeshi wangapi walianza pamoja naye. Na mtu mmoja aliyeonewa vivyo hivyo.

Shida yetu ni kwamba vyuo vyetu ni vidogo. Idara ina watu wanane au tisa na inaajiri mmoja kila baada ya miaka. Tuseme waombaji wanaofaa ni nusu kwa nusu na kamati haina upendeleo wowote: bado utakuta wanaume watatu wameajiriwa mfululizo mara 1 katika kila 8. Kwa hiyo usiinuke mkutanoni kwa sababu ya watatu. Lakini pia usimruhusu mtu akuambie "hatuna ubaguzi, mwaka huu tumeajiri mwanamke," kwa sababu mmoja ni mchache kuliko watatu. Dawa ya nambari ndogo ni kuziweka kwa miaka mingi na kuziunganisha idara kwa idara bila ya kuzichanganya, na hilo haliwezekani ikiwa hakuna aliyeandika.

Basi andikeni. Muombe mkuu wa idara kwa adabu, ukimweleza sababu, idara iwe na daftari lisilo na majina ya watu, ila mwanamke au mwanamume tu: kila nafasi ilipotangazwa, wanawake wangapi na wanaume wangapi waliomba, wangapi waliitwa kwenye usaili, nani alichukuliwa, nani alipelekwa masomoni na baada ya muda gani kazini, nani aliongoza mradi, nani aliondoka, na aliondoka akiwa na umri gani wa kazi. Waandikeni waombaji hata kama hawakuitwa, kwa sababu hao ndio wanaotupwa kwanza na ndio tunaowahitaji zaidi. Kabla ya kwenda uwandani, kaeni mwandike nani ametoa wazo, nani atachukua sampuli, nani atachambua, na majina ya makala yatatokana na nini. Aliyejifungua aulizwe mwenyewe. Na zile fomu za wanafunzi, kabla hazijaingia faili la mtu yeyote, pendekezeni lile swali la "mwalimu wako ni mtu wa namna gani" liondolewe, liwekwe la kuuliza kama kazi zilirudishwa kwa wakati na kama mwongozo wa kusahihisha ulielezwa. Wanafunzi wa MacNell walikosea hata hilo la wakati, kwa hiyo tarehe za kurudisha kazi zichukuliwe kwenye kumbukumbu za ofisi na ziambatanishwe na fomu. Karani anazo tayari. Ziombeni muhula huu.